Harry Dean Stanton: yule mzee uliyemwona kwenye picha kumi na jina lake hulijui

Kiti cha Nyuma

Wakuu, heshima kwenu. Mastaa wana nyuzi zao za kutosha humu, leo naomba tumzungumze mtu mmoja niliyemkawia. Miaka mingi nimekuwa nikimwona bila kumwona.

Walioangalia The Avengers ya 2012 mnakumbuka pale Bruce Banner, yule mwanasayansi anayegeuka jitu la kijani Hulk, anapoanguka kutoka angani, anatoboa paa la ghala na kuzinduka akiwa uchi katikati ya kifusi? Kuna mzee mlinzi amesimama pale anamtazama. Mwembamba, uso wenye mikunjo kama mfuko wa karatasi uliokunjwa ukakunjuliwa. Anamuuliza maswali mawili matatu, anampatia suruali, anamwambia kwa upole kabisa kwamba kijana, wewe una maradhi. Basi, kazi yake imeisha. Kile kipande ndicho pekee kwenye picha nzima ambapo Banner anazungumza na binadamu asiyemwogopa wala kumtaka kwa lolote. Mzee yule wakati huo alikuwa na miaka 85.

Sasa rudini kwenye The Green Mile ya 1999. Yule mfungwa mzee anayekalishwa kwenye kiti cha umeme ili askari wafanye mazoezi ya kutekeleza hukumu ya kifo, anaropoka maneno ya mwisho ya kuchekesha hadi askari wanacheka? Ni yeye. Rudini tena kwenye Alien ya 1979, yule fundi mwenye kapelo na shati la maua anayekwenda kumtafuta paka. Ni yeye.

Anaitwa Harry Dean Stanton. Ameigiza zaidi ya miaka sitini, filamu na tamthilia kwa pamoja zinapita mia moja, na katika zote hizo alikuwa steringi mara mbili tu za maana: ya kwanza akiwa na miaka 57, ya pili akiwa na 90. Nitashusha kidogo kidogo, naandika kwa simu, mnivumilie.

Binti Makorora

Naweka kambi hapa. Huyo wa Green Mile nilidhani ni mfungwa wa kweli walimkuta humo wakamchukua.

Kiti cha Nyuma

Binti Makorora, hiyo sentensi yako ndiyo uzi wenyewe. Twende.

Alizaliwa tarehe 14 Julai 1926, West Irvine, jimbo la Kentucky. Baba yake alilima tumbaku na pia alikuwa kinyozi. Wazazi wakaachana yeye akiwa bado yupo sekondari. Vita ya Pili ya Dunia ikamchukua, akaingia jeshi la majini, na kazi aliyopewa ilikuwa ya upishi kwenye meli moja ya zile zinazokwenda hadi ufukweni kushusha vifaru. Meli yao ilikuwepo Okinawa mwaka 1945, kwenye mapigano yale makubwa ya mwisho dhidi ya Wajapani. Fikirieni kijana wa miaka 18, anasonga vyakula vya watu, na juu ndege zinakuja kujibamiza kwenye meli.

Aliporudi akaenda Chuo Kikuu cha Kentucky kusoma uandishi wa habari na mambo ya redio. Hapo ndipo akaingia jukwaani, na mwalimu wake wa maigizo akamwambia wazi aache chuo akawe mwigizaji. Akaacha. Akaenda California, Pasadena Playhouse, shule iliyotoa waigizaji wengi wa enzi zile. Kuna kipindi alizunguka Marekani na kwaya ya wanaume, maana jamaa alikuwa na sauti. Hili la kuimba lishikeni, litarudi.

Televisheni alianza 1954. Halafu ikaja miaka kama kumi na tano ya kucheza watu wabaya kwenye tamthilia za ng'ombe na bastola, Gunsmoke, Rawhide na nyinginezo. Anaingia, anatisha kidogo, anapigwa risasi, anakwenda nyumbani. Hata jina lake kamili hakulitumia wakati huo, aliandikwa Dean Stanton, kwa sababu kulikuwa na mwigizaji mwingine aliyeitwa Harry Stanton.

Sasa hapa ndipo pananoga. Rafiki yake mkubwa alikuwa mwigizaji mwenzake Jack Nicholson, wote hawajatoka. Stanton ndiye aliyesimama kama mpambe wa bwana harusi Nicholson alipooa mwaka 1962, na baadaye waliishi nyumba moja. Nicholson akaandika picha ndogo ya ng'ombe iitwayo Ride in the Whirlwind, ikatoka 1966, akamtengea Harry Dean nafasi ya kiongozi wa majambazi, chongo mwenye kitambaa jichoni. Akamwambia maneno ambayo Stanton aliyasimulia hadi uzeeni: nataka usifanye kitu chochote, yaache mavazi yaigize, wewe kuwa wewe.

Usifanye kitu. Ukiisikia haraka unaweza kudhani anamdharau. Lakini mwenyewe alisema kuanzia hapo ndipo alipoelewa kazi yake. Mtazame kabla ya hapo na baada ya hapo, utaona watu wawili.

Fundi Redio

Mkuu uzi mzuri ila nina swali gumu. Mtu unakaa kwenye fani miaka sitini, wenzio uliokula nao ugali mmoja kina Nicholson wanabeba tuzo, wewe unacheza mlinzi wa ghala. Hatuwezi kuita hayo mafanikio. Huyo alibaniwa, au hakuwa na uwezo wa kubeba picha. Sisi tulikuzwa na kibanda umiza, mtu akiuliza "steringi nani?" hakuna aliyewahi kujibu jina la anayekufa dakika ya kumi.

Kiti cha Nyuma

Fundi Redio, swali la haki. Na sitakudanganya kwamba aliridhika, hakuridhika. Mwaka 1983 hivi alikutana na Sam Shepard, mtunzi wa tamthilia, kwenye baa huko Santa Fe. Wakanywa, Harry Dean akamwaga yaliyo moyoni: amechoka na nafasi anazopewa, anatamani walau mara moja acheze kitu chenye uzuri na hisia ndani yake. Hakuwa anaomba kazi, alikuwa analalamika tu kama mtu mzima anavyolalamika usiku. Baadaye Shepard akampigia simu: ile picha naiandika, steringi ni wewe.

Picha ndiyo Paris, Texas, mwongozaji Mjerumani Wim Wenders, ikachukua tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes mwaka 1984. Nitaifikia. Ila kuhusu kubeba picha: kipande cha Alien unakikumbuka vizuri? Nakiandika hapa nilivyokiona juzi, nimekirudia mara nne.

Brett, ndilo jina lake mle, anatumwa kumtafuta paka. Ile ni meli ya mizigo angani, na yeye na Parker ndio mafundi wa chini, kazi yao kubwa tangu picha inaanza ni kulalamika kwamba mgao wao ni mdogo kuliko wa wengine. Anaingia kwenye ukumbi mkubwa wenye minyororo inaning'inia. Maji yanadondoka kutoka juu. Na Harry Dean anafanya nini? Anasimama. Anavua kapelo, anaelekeza uso juu, anayaacha maji yamdondokee usoni. Kama mtu aliyepiga kazi mchana kutwa kwenye joto akakuta bomba linavuja. Muda mrefu tu, hakuna kinachotokea. Minyororo inagongana, maji yanadondoka, mtu anapoza uso wake.

Ndipo dude linashuka nyuma yake.

Wewe mwenyewe uniambie, ingekuwa ni yule anayeingia huku anatetemeka, anageuka geuka, macho yamemtoka, ungeogopa? Tunaogopa kwa sababu tumemwona mtu akipumzika. Dude linamuua fundi, mlipwa mshahara, aliyekuwa na joto. Picha yote inayofuata inasimama juu ya dakika zile. Na alikuwa amemwambia mwongozaji, Ridley Scott, tangu usaili kwamba yeye picha za madude wala hazipendi!

Mjukuu wa Kibokoni

Salamu kutoka Mombasa. Niongeze kitu hapo kwa Fundi. Roger Ebert, yule mhakiki wa filamu wa Chicago, alikuwa na kanuni yake aliyoiandika: filamu yoyote yenye Harry Dean Stanton au M. Emmet Walsh kwenye nafasi ya pembeni haiwezi kuwa mbaya kabisa kabisa. Yaani mhakiki mkubwa anatunga kanuni kwa majina ya watu wawili ambao ni nadra kuwaona kwenye bango.

Kiti cha Nyuma

Ahsante sana Mjukuu. Na Ebert alikuwa mkweli, baadaye alikiri kuna picha moja ya 1989, Dream a Little Dream, iliyovunja kanuni, Stanton akiwemo ndani. Lakini moja katika mamia!

Mwanamaji Mstaafu

Naomba kuuliza kuhusu Okinawa. Aliwahi kuizungumzia? Watu waliopita pale wengi hukaa kimya.

Kiti cha Nyuma

Mzee wangu shikamoo. Aliizungumzia kidogo kidogo, na mwishoni kabisa iliingizwa kwenye filamu yake ya mwisho, Lucky ya 2017. Msaidizi wake wa miaka mingi ndiye aliyeshiriki kuiandika, akachukua vipande vya maisha ya mzee mwenyewe akavipa sura ya hadithi. Lucky naye alikuwa mpishi kwenye meli kama ile. Kuna kipande yupo mgahawani anazungumza na askari mwingine mzee wa vita ile ile. Huyo mwingine ameigizwa na Tom Skerritt, ambaye miaka 38 nyuma alikuwa nahodha wa ile meli ya Alien! Skerritt anasimulia kuhusu mtoto wa kike wa pale Okinawa aliyewatazama wanajeshi akitabasamu, wakadhani amefurahi kuwaona. Kumbe alikuwa na hakika wanakwenda kumuua, akaamua kukipokea kifo hivyo. Na kamera muda mwingi inamtazama Harry Dean anayesikiliza.

Mtazameni hapo. Hatikisi kichwa, halengi machozi, habadilishi sura ili tujue ameguswa. Anasikiliza tu kama unavyosikiliza habari ya kweli. Mimi naona hicho ndicho kipaji chake kuliko vyote. Waigizaji wengi mwenzao akizungumza wanasubiri zamu yao. Huyu hana zamu, yeye yupo tu na anayezungumza.

Mlinzi Getini

Wakuu, naingia kwenye uzi huu kwa sababu jina langu humu mnaliona. Mimi naigiza hapa Dar, tamthilia na muvi, tangu 2011. Nimecheza mlinzi mara saba, daktari mara moja, mchungaji mara mbili. Kuna kazi nililipwa nauli tu, na kuna moja walinisahau kwenye majina ya mwisho, mke wangu na watoto wamekaa mpaka jina la fundi taa limepita wanasubiri la baba yao. Sitaji ya nani. Nilichotaka kusema, siku zote nikipewa mlinzi nilikuwa najitahidi aonekane. Napayuka, natembea kwa mbwembwe, nashika kirungu hivi na vile. Nimesoma hiyo habari ya "usifanye kitu" nimekaa chini. Kiti cha Nyuma, hebu nieleze vizuri, kutofanya kitu kunafanywaje?

Kiti cha Nyuma

Mlinzi Getini, pole kwa hilo la jina, limeniuma. Mimi si mwigizaji, ni mtazamaji. Nitakuonyesha nilichokiona, kazi ya kutafsiri ni yako.

Paris, Texas. Anaitwa Travis. Picha inaanza anatembea jangwani peke yake, suti imejaa vumbi, kofia nyekundu, ameshika dumu la maji. Anakunywa tone la mwisho, analitupa dumu, anaendelea kutembea. Anaingia kwenye kigenge, anafungua friji, anachukua barafu anaitafuna, anaanguka. Karibu nusu saa ya mwanzo hatamki neno. Mdogo wake anakuja kumchukua, anamsemesha njia nzima, kimya. Hatujui ni bubu, mgonjwa au mkaidi. Na yeye hatupi hata dalili moja. Anatembea tu kama mtu anayejua anakokwenda.

Anafikishwa Los Angeles kwa mdogo wake, ambako mwanawe Hunter analelewa na shemeji yake. Mtoto ana miaka saba, nane hivi, hamjui baba. Sasa tazama. Usiku nyumba nzima imelala, Travis anaosha vyombo, kisha anachukua viatu vya watu wote wa nyumba ile, anavipiga dawa, anavipanga foleni kwenye ukuta wa nje. Hakuna anayesema "nimerudi, nisameheni". Viatu vinang'aa tu.

Halafu anakwenda kumpokea mtoto shuleni kwa miguu, mtoto anaona aibu, anadandia gari la rafiki yake. Travis anarudi anamuuliza mama anayefanya kazi pale nyumbani: baba anaonekanaje? Yule mama anamvalisha suti ya vipande vitatu na kofia, anamfundisha kutembea, asitazame chini, atazame mbele na juu. Kesho yake anasimama ng'ambo ya barabara ya shule. Mtoto anamwona. Wanaanza kutembea kurudi nyumbani, baba upande huu wa barabara, mtoto upande ule. Baba anafanya mwendo, mtoto anauiga ng'ambo. Mwishowe wanakuwa upande mmoja. Mimi nina mtoto wa umri ule. Ile barabara sitaisahau.

Na pale mwisho, anapomkuta mkewe, aliyeigizwa na Nastassja Kinski, kwenye chumba cha kioo ambacho mteja anamwona mwanamke lakini mwanamke hamwoni mteja. Wanaongea kwa simu. Travis anageuza kiti, anampa kioo mgongo, na anasimulia maisha yao yote kana kwamba ni ya watu wengine aliowahi kuwajua. Dakika nyingi, sauti haipandi. Wivu, pombe, moto, yote anayasema kwa sauti ya mtu anayeelekeza njia. Anayebadilika ni mke, upande wa pili wa kioo, anavyogundua taratibu ni nani anayezungumza. Angelia Travis, tungemtazama yeye. Hakulia, tukamtazama mama wa watu.

Kwa hiyo jibu langu ni hilo: anampa nafasi mwenzake.

Fundi Redio

Sawa, hapo nimekaa. Ila bado nasema walimchelewesha. Miaka 57!

Kiti cha Nyuma

Walimchelewesha, tumekubaliana. Na baada ya pale hakugeuka kuwa steringi, alirudi kwenye nafasi zake za pembeni, mwaka ule ule 1984 akatoka na Repo Man, 1988 akacheza Paulo kwenye The Last Temptation of Christ. Tuzo ya Oscar hakuwahi hata kuteuliwa. Kwenye televisheni, kituo cha HBO walimpa nabii Roman Grant ndani ya tamthilia ya Big Love kuanzia 2006, mzee wa kanisa la wake wengi, anatisha kwa tabasamu. Nje ya hapo alikuwa anaimba. Alikuwa na bendi yake, anapiga kinanda cha mdomo, anaimba nyimbo za Kimeksiko kwenye baa za Los Angeles. Kwenye Lucky utamwona kwenye sherehe ya mtoto, watu wanakula, mara mzee anaanza kuimba Volver, Volver kwa Kihispania, bila kuombwa, na wapiga muziki wanamfuata. Ile ni sauti yake. Hakuoa. Alifariki tarehe 15 Septemba 2017, miaka 91, na Lucky ikaingia majumba ya sinema ya Marekani wiki mbili baadaye.

Binti Makorora

Mimi nina presha ya muda, watoto, biashara. Ukinipa kimoja tu nianze nacho leo usiku, kipi?

Kiti cha Nyuma

The Straight Story, 1999, ya mwongozaji David Lynch, kisa cha kweli. Mzee Alvin Straight wa Iowa anasikia kaka yake Lyle aliyeko Wisconsin amepata kiharusi. Hawajasemeshana miaka kumi. Leseni ya gari hana, macho na miguu havimsaidii, basi anapanda mashine ya kukatia majani anaiendesha kilomita karibu 390, wiki kadhaa barabarani. Mzee huyo ameigizwa na Richard Farnsworth, ambaye wakati anaicheza alikuwa mgonjwa wa saratani.

Picha nzima unamsubiri Lyle. Anatokea dakika za mwisho kabisa, Harry Dean, anatoka ndani akiegemea fremu ya kutembelea. Wanakaa barazani. Lyle anamtazama mdogo wake. Kisha anaitazama ile mashine pale uani. Midomo inamcheza. Anauliza, umekuja na hicho mpaka huku kuniona mimi? Alvin anajibu, ndiyo, Lyle. Basi. Wanatazama nyota.

Sentensi zake hazifiki tano. Ila ni lazima uianze mwanzo, usiruke.

Mjukuu wa Kibokoni

Nami nimtajie kipande cha televisheni, Twin Peaks ya 2017. Yeye ni Carl, mzee wa eneo la nyumba za magari. Amekaa bustanini kwenye benchi anatazama miti, mtoto anagongwa na lori pale njia panda. Watu wote wamesimama mbali wanashika vinywa. Anayeondoka kwenda ni yeye tu. Anachuchumaa kwa mama aliyempakata mwanawe, anamwekea mkono begani, anamtazama usoni, hasemi. Sisi tuliozika tunajua, mtu wa namna hiyo kwenye msiba ni mmoja kati ya mia.

Mwanamaji Mstaafu

Marahaba kijana. Nimeitafuta hiyo Lucky, kijana wangu amenipakulia. Nitaiangalia na wenzangu wawili tuliobaki.

Binti Makorora

Nimemaliza sasa hivi, saa saba usiku. Ile midomo jamani. Kesho namtumia kaka yangu aliyeko Muscat, sitamwandikia chochote, ninamtumia picha tu.

Mlinzi Getini

Wakuu, Jumamosi nina kazi Kigamboni, na ndiyo, ni mlinzi. Nimempigia dada wa mavazi nimemwomba anipe lile gwanda leo, nikae nalo hadi Jumamosi. Ameshangaa, lakini amekubali. Nimelivaa tangu saa kumi, nimekwenda nalo dukani, nimekaa nalo kibarazani. Kola inawasha.

Kiti cha Nyuma

Usiibadilishe hiyo kola. Na viatu navyo uviombe.